Siku Mama Alipomwita Dada Mbinafsi

Kigelegele kilinifikia kabla ya mama. Kilitoka kule chini kwenye mibuni, kikapanda mteremko kupitia migomba, kikanikuta nimeketi nje ya jiko nikimenya nduma huku viganja vikiniwasha. Kikafuata kingine. Sikuona mtu. Ukungu wa Julai ulikuwa bado umelala juu ya shamba na kila kitu kilikuwa cha rangi moja, rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Niliacha kumenya, nikasikiliza. Kwetu Embu vigelegele vya mtoto wa kiume huwa vingi, huvuka mto na kuwasumbua watu wa ng'ambo. Vya mtoto wa kike hukoma mapema. Hivi vilikoma mapema.

Dada alikuwa amejifungua msichana.

Ndipo mama akatokea, sketi imelowa umande hadi magotini, simu ameinyoosha mbele yake kama mtu aliyebeba kaa la moto. Nilitarajia aseme tumepata mtoto, au dada yuko salama. Alisema, "Nimezaliwa! Mama, nimezaliwa!"

Huyo mama aliyekuwa akiambiwa ni mimi.

Inabidi nieleze. Kwetu mtoto hapewi jina tu, hupewa mtu. Msichana wa kwanza huwa mama wa baba yake, na wa pili huwa mama wa mama yake. Si kumbukumbu wala heshima. Ni yeye mwenyewe amekuja tena, hata kama bado yuko hai na anakunywa chai pale kando ya moto. Mimi ni msichana wa pili, kwa hiyo mimi ni nyanya mzaa mama, na mama yangu ameniita mama tangu siku niliyozaliwa. Dada ni wa kwanza. Yeye ni nyanya mzaa baba, na mama alimwita mama mkwe. Wageni hucheka wakimsikia mwanamke mzima akimwambia mtoto anayetambaa, "Mama mkwe, usile mchanga." Sisi hatukuwa tukisikia cha kuchekesha hapo. Ndivyo nyumba ilivyozungumza.

Na ili kigelegele kile kieleweke, sharti niseme jambo moja zaidi. Mama hakujaliwa mtoto wa kiume. Mwanamke mwenye wana huzaliwa mapema na wake za wanawe, tena bila kuomba. Asiye na wana hungoja msichana wa pili wa binti yake. Mimi nilikuwa nakaribia miaka thelathini, sina mume, nina riwaya moja iliyochapishwa na nyingine iliyokwama katikati. Dada alikuwa ameolewa Meru na mwalimu. Binti yao wa kwanza alikuwa amepewa mama wa shemeji, kama ilivyostahili, kwa maana pande zote mbili zilikubaliana zamani kufuata mpangilio wetu. Kisha miaka ikapita, mimba hii ya pili ikaja na kumlaza hospitalini kwa vipindi, na daktari akamwambia asijaribu tena. Kwa hiyo mtoto huyu ndiye pekee ambaye mama angeweza kuzaliwa kwake. Kila mtu alilijua hilo, dada pia.

Siku zile za kungojea tuende Meru, mama alitembea kama mtu mwingine. Alisaga wimbi la uji mwenyewe, akakataa nimsaidie. Alinunua blanketi la manjano, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Katika kituo cha kupimia majani chai aliwasimamisha wanawake wenzake na vikapu vyao mgongoni akawaambia amezaliwa, nao wakamtania.

"Basi mzee, leo utavaa nepi?"

"Nitavaa. Na nyinyi mtafua."

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyemtania zaidi. Ni mwanamke mwenye mvi na mdomo usiopumzika, na alikuwa ameshajialika kwenye safari kabla ya mtu kumwambia. "Ukizaliwa upya," alimwambia mama, "usije ukalilia maziwa hapa. Ng'ombe wetu ni mmoja na anakuchukia."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Sikumbuki kumwona akicheka hivyo hata siku kitabu changu kilipotoka. Nilimwonea wivu kidogo mtoto ambaye sikuwa nimemwona.

*

Dada na mumewe walikuwa wamepanga nyumba ndogo Kaaga, pale Meru, upande wa shule, ambako kengele hulia siku nzima na sauti za watoto wakikariri huja na kuondoka na upepo. Tulifika kabla ya chakula cha mchana. Shemeji alitupokea mizigo, kibuyu cha uji, ndizi, kuku aliyefungwa miguu. Akatuamkia mmoja mmoja, akatutilia chai, kisha akasema anaenda kununua mkate. Mkate ulikuwa mezani. Niliuona, naye aliona kwamba nimeuona, akaondoka hivyo hivyo.

Dada alikuwa kwenye kochi, miguu ameifunika kwa shuka, mtoto kifuani. Uso wake ulikuwa umekonda, macho yakawa makubwa. Binti yake wa kwanza, mwenye miaka mitatu, alikuwa amepelekwa kwa nyanya yake wa upande wa pili ili dada apate kupumzika. Nyumba ilikuwa kimya na yenye joto la nguo za mtoto zilizoanikwa karibu na jiko la makaa.

Mama hakumkimbilia mtoto. Aliyezaliwa hana haraka. Alinawa mikono, akaketi, akakiweka sawa kitambaa cha kichwa, akangoja mpaka shangazi amepuliza chai yake na kunywa. Kisha akauliza lile swali tunalouliza sisi. Hatuulizi mtoto anaitwa nani. Tunauliza:

"Haya, nani amekuja?"

Jibu lake linajulikana. Ni maneno mawili tu: ni wewe. Mama alikuwa ameshaanza kutabasamu kuyapokea.

Dada akataja jina.

Sitaliandika hapa. Ni jina zuri, jepesi, linatamkika kwa pumzi moja. Lakini hakuna mwanamke wa ukoo wetu, wala wa upande wa shemeji, aliyewahi kulibeba. Lilikuwa jina lisilo na mtu ndani yake.

Tabasamu la mama lilibaki pale pale, kama taa iliyosahauliwa mchana. Shangazi ndiye aliyemsaidia.

"Hilo ni la kanisani," alisema. "Majina ya siku hizi! Na la nyumbani?"

"Ndilo la nyumbani."

"Na la kanisani?"

"Hilo hilo, shangazi. Ni moja tu."

"Ni la nani?"

"Ni lake."

"Najua ni lake! Nauliza ni la nani."

"Si la mtu."

Shangazi akaweka kikombe chini. "Si la mtu! Mtoto amekuja peke yake, kama mbuzi aliyepotea?"

Mama akacheka. Alicheka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akamnyooshea mtoto kidole. "Anatutania huyu. Eti wewe si mtu? Hebu mwambie mama yako akome."

"Sitanii, mama," dada alisema.

Kengele ya shule ikalia, watoto wakamwagika nje kwa kelele, na kelele ile ikaijaza sebule yetu mpaka pembeni. Mama alimtazama dada muda wote ule. Tangu tuingie tulikuwa tukizungumza Kiembu, kama tunavyozungumza siku zote, na hayo yote niliyoandika hapa juu yalisemwa kwa Kiembu. Lakini kelele zilipopungua, mama alisema kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayesoma ubao:

"Wewe ni mbinafsi."

*

Niliweka kikombe chini, nikamtazama mama.

Lugha yetu ina neno lake la mtu anayejipenda. Ni neno la jikoni. Huambiwa mtoto aliyechagua kipande kikubwa cha nyama, na anayelisema huwa bado amemshikia sahani. Unaweza kuitwa hivyo asubuhi na jioni ukapakuliwa kwanza. Mbinafsi ni neno jingine. Sisi tulilikuta shuleni, katika insha: eleza madhara ya ubinafsi katika jamii. Tulieleza. Tulipata alama nzuri, ingawa hakuna kati yetu aliyejua mtu wa kumfikiria alipokuwa akiandika.

Baadaye nilianza kulisikia nje ya daftari, na kila mara lilikuwa limevaa koti. Nililisikia kwenye mkutano wa ushirika, nikiwa nimetumwa kumwita baba: ofisa mmoja akiwaambia wakulima waliong'oa mibuni yao ili wapande mahindi ya watoto kwamba ni wabinafsi. Nililisikia kwenye baraza, likirushiwa mzee aliyekataa shamba lake limegwe ili barabara ipite. Nililisikia kanisani, likizungushwa taratibu juu ya vichwa vyetu mpaka likatua kwa mjane aliyeacha kuimba kwaya kwa sababu alichoka. Hata mimi nimelipata. Kwenye kikao kimoja cha waandishi, bwana mmoja mwenye ndevu nzuri alinieleza kwamba kuandika juu ya nyumba yetu, badala ya kuandika juu ya taifa, ni ubinafsi. Nilikwenda nyumbani nikiwa na aibu, nikafungua ukurasa, nikaandika juu ya nyumba yetu.

Kamusi itakwambia ni mtu anayejali nafsi yake tu. Lakini katika maisha yangu sijawahi kusikia neno hili likitupiwa mtu aliyechukua. Aliyechukua huitwa mwizi, au fisadi, au mheshimiwa. Mbinafsi ni yule aliyeombwa akasema hapana.

Sikuwa nimewahi kulisikia mdomoni mwa mama. Kiswahili chake ni cha sokoni na cha hospitalini, hukitumia akiwa na haja nacho tu. Na siku ile alikuwa na haja. Alitaka neno lisilo na sahani ya chakula upande wa pili. Alikwenda kulitafuta mbali, akarudi nalo, akalitua mbele ya binti yake aliyekuwa na nyuzi za upasuaji tumboni.

*

Dada alimhamisha mtoto kutoka bega moja hadi jingine. Shangazi, ambaye hawezi kuvumilia kimya, akavuta kiti karibu.

"Mama," alimwambia dada. Kwa shangazi, dada ni mama yake mzazi aliyerudi, na hivyo ndivyo amwitavyo siku zote, yeye na mvi zake. "Mama, nisikilize. Wewe umeshazaliwa. Umekula, umesoma, umeolewa mara ya pili. Mwenzako naye anaomba apite, na wewe umekaa katikati ya njia. Kwani umekuwaje?"

Dada akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza. Ni vigumu kumkasirikia shangazi.

"Au ni kisirani chako kile cha zamani?" shangazi akaendelea, akiwa amepata moto. "Maana hata ulipokuwa hai ulikuwa hivi hivi. Ulimnyima shamba la viazi miaka yote ile, sasa unamnyima jina!"

Alijicheka mwenyewe. Na mama, bila kuinua macho, akasema, "Ni kweli. Mama mkwe hajabadilika."

"Hapo," dada alisema.

Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini shangazi alinyamaza katikati ya kicheko.

"Mmesikia? Mtoto ni wangu. Nimemzaa mimi. Jina nimelitafuta mimi, usiku na mchana, nikiwa nimelala chali hospitalini. Hata nikikukosea, mama, ninayekukosea si mimi. Ni yeye."

"Ni utani tu," shangazi alisema.

"Najua ni utani. Nimelelewa kwa utani." Akamgeukia mama. "Unakumbuka siku tuliyomzika nyanya?"

Mimi naikumbuka. Nilikuwa mdogo, ninakumbuka matope, na masufuria makubwa ya wali, na jinsi wanawake walivyomshika dada kichwa wakisema hakuna haja ya kulia, bibi yuko hapa hapa, tazameni, ana meno mapya. Nakumbuka nilijisikia fahari kuwa na dada ambaye kila mtu alitaka kumgusa. Nyanya alikuwa mkali kwa mama. Hilo nililijua, kama watoto wanavyojua vitu, kwa kuona mama akibadilisha njia akienda kisimani. Alimhesabia kuni. Alimsema kwa baba, na jioni baba akarudi na maneno.

"Jioni watu walipoondoka," dada alisema, "ulinipata jikoni nakula. Nilikuwa peke yangu. Ulisimama ukanitazama, ukasema, 'Na wewe bado upo.'"

Mama aliinua macho.

"Ulisema hivyo, ukachukua maji, ukatoka. Nilikuwa na miaka minane. Nilikimwaga kile chakula. Nilidhani kuna mahali nilipaswa kuwa nimekwenda."

Nilimtazama mama, nikingoja aseme si kweli. Nilitaka sana aseme. Uso wake ulikuwa ukipekua, ukirudi nyuma chumba baada ya chumba.

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema."

"Sikumbuki." Kisha, kwa sauti ya chini, "Lakini ningeweza kusema. Siku ile ningeweza."

Sijui kama ni wakati ule au baadaye, ila mambo ya nyumbani yalianza kunijia yakiwa yamegeuzwa upande wa ndani, kama nguo. Sahani ya dada ikipakuliwa kwanza na mama akisema, "Mpeni mama mkwe asije akatusema." Sisi tukicheka. Dada akivunja chupa ya chai na mama, badala ya kumchapa kama angenichapa mimi, akipiga magoti mbele ya wageni na kuunganisha mikono: "Nisamehe, mama mkwe, usinishtaki kwa mwanao." Wageni wakicheka mpaka machozi. Dada akisimama katikati ya vigae vya chupa, mikono imemning'inia. Na mimi nilipougua surua, mama akinibeba mgongoni usiku kucha na kuniimbia, "Mama yangu, mama yangu, usiniache tena." Tulizaliwa nyumba moja, tukanyonya ziwa moja. Mimi nilipewa mwanamke ambaye mama alimlilia, na dada akapewa mwanamke ambaye mama alimwogopa. Nimeandika riwaya nzima juu ya familia na sikuwa nimeliona hilo.

Mama alikuwa amejikusanya. "Na huyu wako wa kwanza?" aliuliza. "Yeye mbona ulimpa mama wa watu? Huko ulifuata mila vizuri. Mila imekuchosha ilipofika kwangu?"

Hilo lilikuwa swali la haki, na dada alilichukua kama swali la haki. Alifikiri kabla ya kujibu.

"Nilimpa, ndiyo. Na mama wa mume wangu si mtu mbaya, lakini tuliwahi kukosana. Unajua. Basi siku moja, kabla sijalazwa, mtoto alikataa chakula. Nikamwambia, 'Kula, mama mkwe, usije ukasema nimekunyima.' Ana miaka mitatu, mama. Aliweka kijiko chini, akanitazama. Hakujua amefanya nini. Nikaenda bafuni nikakaa sakafuni."

"Watoto hawaelewi," shangazi alisema, lakini bila nguvu.

"Mimi nilielewa."

Mama aliliweka blanketi la manjano mapajani, akalilaza, akalisawazisha kwa kiganja. Aliposema tena hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Basi nilikukosea," alisema. "Nimesikia. Nilikuwa msichana mdogo kwenye boma la watu, na yule mwanamke alinikausha, na sikuwa na mahali pa kulisemea ila kwa mtoto. Nimekubali. Lakini mimi naenda wapi? Niambie hilo. Yeye aliyenitesa amezaliwa, unaitika jina lake kila siku. Mama yangu amezaliwa, huyu hapa. Hata mama wa mumeo amezaliwa. Mimi nimezaa wote, nimepika uji wa wote. Nikifa, nani ataitwa?"

Shangazi, kwa kukosa la kufanya, akanigeukia mimi.

"Wewe basi! Unangoja nini? Ukizaa bila mume hakuna mama mkwe wa kutangulia. Wa kwanza tu, ni mama yako moja kwa moja! Njia ya mkato!"

"Shangazi."

"Nini? Vitabu unavyozaa vinaitwa mama yako? Vinanyonya?"

Siku nyingine tungeanguka chini kwa kicheko. Lakini nilimwona mama akinitazama. Ilikuwa kwa nukta tu, na macho hayakunitazama usoni. Yalishuka tumboni kwangu, yakapima, yakatumaini, kisha yakaona aibu na kurudi kwenye blanketi. Mwanamke aliyenibeba usiku kucha alikuwa ameniangalia kama mtu anavyoangalia shamba lililoachwa bila kulimwa.

"Mama," dada alisema. "Si kwamba sikupendi."

"Basi niweke kwa mtoto."

"Siwezi."

"Kwa nini? Nimekiri. Nimesema nimekosa. Unataka nipige magoti?"

"Usipige magoti!" Dada alipaza sauti, mtoto akashtuka, akafungua mikono yote miwili hewani. Dada akamfunika, akamtuliza, akaendelea kwa kunong'ona, na kunong'ona kule kulikuwa kubaya kuliko kelele. "Nina hasira nawe, mama. Nilidhani zimeisha. Nilipokaribia kujifungua ndipo nikajua hazijaisha, na sijui zitaisha lini. Nikimpa jina lako, zitamshukia nani? Nitakuwa namwogesha na nina hasira. Atavunja kikombe, nitamwona nani? Acha nikukasirikie wewe mwenyewe, uso kwa uso, mpaka ziishe. Yeye asiwepo."

Sijawahi kusikia mtoto akimwambia mzazi maneno kama hayo. Kwetu hayasemwi. Kwetu hasira juu ya mzazi huenda mahali pengine, kwa mume, kwa ng'ombe, kwa mtoto mwenye jina. Nilitazama sakafu. Nilitamani shangazi aseme upuuzi wowote, na hata yeye alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya leso.

Nilifikiri: mama ataondoka sasa hivi. Nilifikiri: atamlaani. Mambo hayo yamefanywa kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Mama alikaa. Nje watoto waliitwa darasani, kelele zikazimika kama moto uliomwagiwa maji, na tukabaki na mlio wa makaa. Alitazama mikono yake mwenyewe, iliyopasuka na kuwa myeusi kwenye mistari kwa utomvu wa majani chai. Kisha akainyoosha.

"Nipe nimwone."

Dada alisita. Mimi pia niliona kusita kule, na nadhani hicho ndicho kilichomuumiza mama zaidi ya yote yaliyosemwa. Lakini hakuirudisha mikono. Dada akampa mtoto.

Mama alimkagua kama mtu aliyezaliwa upya anavyojikagua. Alifungua kiganja chake, akakitazama. Alishika kisigino. Alisogeza kofia ya sufu, akapapasa paji la uso, akakunja sikio kwa kidole, akaliachia, akalikunja la pili.

"Masikio ni yangu," alisema. "Hata ukatae."

"Ni yako," dada alisema. Alikuwa akilia sasa, bila sauti, machozi yakimdondokea kwenye nguo.

"Basi."

Alimfunika mtoto kwa blanketi la manjano, akamrudisha. Hakulitaja lile jina. Hakutaja lolote. Akasimama, akamwambia shangazi waondoke, kumekuwa mchana. Chai yake ilikuwa mezani, haijaguswa, imeota utando. Shangazi alikusanya vitu vyake kwa haraka, akamshika dada shavu, akasema, "Mama, utapona," na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasita baada ya neno lile, akatoka nje bila kumalizia.

Ilikuwa imeamuliwa tangu nyumbani kwamba mimi ningebaki wiki moja kumsaidia dada. Niliinuka kumsindikiza mama hadi barabarani, naye akanionyesha kwa mkono nikae. Dada alijaribu kusimama, akiwa ameshika tumbo kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine. Mama akamwambia, kwa Kiembu, "Kaa chini, nyuzi zitafunguka."

Alikuwa ameshafika kizingitini. Upepo wa Julai uliingia ukimzunguka, ukatikisa nguo ndogo zilizoanikwa, na mtoto akakunja uso. Nilidhani mama angegeuka aseme kitu. Nilikuwa nimejitayarisha kulisikia lile neno tena, au kusikia jingine la kulifuta. Alitoka nje, akashika kitasa kwa mikono miwili, na akauvuta mlango polepole sana, ili usigonge, mpaka ukafunga.